Vidole Viwili

Timazi ya marehemu baba ni kipande cha chuma chenye umbo la karoti, kilichofungwa kwenye uzi uliokolea vumbi la saruji. Aprili, mvua zikiwa zimepamba moto, niliiteremsha kutoka juu ya ukuta ulio nyuma ya nyumba yetu, Lushoto. Juu, uzi uligusa tofali. Chini, kati ya chuma na ukuta, vilipita vidole vyangu viwili.

Siku nilipoumaliza, hakikupita hata kimoja.

Ukuta huo niliujenga mimi, kwa akiba ya mwaka wangu wa kwanza kazini. Una urefu wa mita 3 kwenda juu, na unazuia kipande cha mlima kisiingie jikoni kwa mama. Baba, fundi wa mawe, angejenga ukuta mnene unaozuia udongo kwa uzito wake. Mimi nilitandaza wavu mgumu wa plastiki, nikashindilia udongo juu yake, nikatandaza mwingine, tabaka kwa tabaka. Majirani waliuliza kwa nini mhandisi anafukia neti.

Udongo huvumilia sana kukandamizwa, lakini ukiuvuta, unaachana. Wavu unaupa kile usichokuwa nacho. Wazo lenyewe ni la kale: karibu na Baghdad, kwenye magofu ya Aqar Quf, mikeka ya matete iliyolazwa kati ya matofali ya udongo bado inaonekana baada ya miaka zaidi ya 3,000. Miaka ya 1960, mhandisi Mfaransa Henri Vidal ndiye aliyelifanya kuwa ufundi wa kisasa, akitumia vipande vya chuma. Matofali ya mbele ni kama ngozi tu. Kazi inafanyika ndani, gizani, ambako udongo umeung'ang'ania wavu kwa msuguano.

Kilichonivutia zaidi chuoni ni hiki: uzito unaousukuma ukuta nje ndio huohuo unaoubana wavu usichomoke. Ukiongeza mzigo juu, msukumo unaongezeka, na mshiko nao unaongezeka. Ilimradi wavu usikatike, na ilimradi uende mbali vya kutosha nyuma, kwenye udongo usiotaka kutembea. Kwa kawaida urefu wake huwa si chini ya asilimia 70 ya kimo cha ukuta. Wangu ulikuwa na mita 2 na nusu. Hapo sikubana matumizi.

Januari mdogo wangu aliweka tangi la lita 5,000 hatua moja kutoka ukingoni. Likijaa ni tani 5. Palipokalia tangi, ilikuwa kama kuongeza zaidi ya mita nzima ya udongo juu ya ukuta. Hakuniuliza, na kwa wiki nzima baada ya kuona zile nyufa, kila aliyepita pale nyumbani alimwambia hivyohivyo: hukumuuliza dada yako. Nami niliwaacha waseme.

Usiku wa tatu nilipiga hesabu upya mezani kwa mama, kwa mwanga wa simu. Nikaweka tangi. Ukuta ukasimama. Nikazidisha mzigo. Ukasimama bado. Kisha nikaweka maji, si yale ya ndani ya tangi, bali yale yaliyofurika usiku kucha pamoja na mvua, yakanywewa na udongo. Maji yakijaa kwenye udongo, yanasukuma ukuta kwa nguvu zake yenyewe, na wakati huohuo yanaubeba udongo kidogo, yanaulegeza mshiko wake kwenye wavu. Yanaongeza mzigo na kupunguza mkono.

Maji hayo yangepita zake kama nyuma ya ukuta ningejaza mchanga na kokoto. Lakini lori la mchanga kupanda kule kwetu lilikuwa ghali, na udongo mwekundu ulikuwa palepale, bure. Nilijua kwamba unashika maji. Nilijiambia kwamba ukuta ni mdogo, na matundu machache ya kutolea maji yatatosha.

Asubuhi nilimweleza mama. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua uso.

"Kwa hiyo si tangi?"

"Si tangi peke yake, mama. Udongo niliojaza mimi haukufaa."

Akachambua kidogo tena. "Basi kamwambie mwenzio. Tangu juzi halali."

Nilimkuta nje, anaziba ufa kwa saruji, kana kwamba ngozi ikishonwa mfupa utapona. Nilipomaliza kusema, aliweka mwiko chini, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Dada, wiki nzima?" Sikuwa na jibu.

Tulilihamisha tangi. Tukafukua mita moja na nusu ya juu, tukajaza kokoto, tukalaza bomba lenye matundu, tukachimba mfereji wa kukinga maji ya mlimani. Nusu ya chini bado ni udongo mwekundu. Fedha ziliishia hapo. Nimerudi mjini, na timazi nimeiacha inaning'inia kwenye msumari.

Kila Jumapili baada ya kanisa mama anapitisha mkono kati ya chuma na ukuta, kisha ananitumia ujumbe wa neno moja. Mpaka leo ni lilelile: "Viwili."