Nilitaka Kumdhulumu Mjomba kwa Ajili ya Kinanda

Leo udaku wa mastaa naweka pembeni, nawaletea aibu yangu mwenyewe. Majina sitaji hata moja, kwa hiyo msianze kubashiri.

Mjomba wangu yuko huku Kitangari, ana mikorosho yake na nyumba ya bati, ukimwona humdhanii kitu. Lakini mwishoni mwa miaka ya 80 alikuwa Dar, mpiga kinanda kwenye bendi ya dansi. Enzi hizo bendi zilikuwa magitaa na matarumbeta, halafu akina Vijana Jazz wakawa miongoni mwa walioanza kuingiza vinanda vya umeme, wengine wakafuata. Kwenye bendi ya mjomba wapuliza tarumbeta wawili waliondoka, akachukuliwa yeye azibe pengo. Yaani alikuwa anapiga tarumbeta kwa vidole! Bendi ilipokufa walikuwa wanamdai na yeye anawadai, wakamalizana kwa kumpa kinanda. Akarudi nacho nyumbani, akakifunga blanketi, akakisukuma uvunguni.

Kinanda chenyewe ni Roland Juno-106, mali ya Mjapani, kilitoka 1984. Kina urefu wa karibu mita moja na uzito wa kilo kumi. Sisi vijana tulikuwa tunakicheka. Hakina spika yake. Hakina midundo ya kubonyeza ikaanza kucheza yenyewe. Ukigandamiza kwa nguvu au ukigusa taratibu, sauti ni ileile. Juu kimejaa vitufe vya kusukuma juu na chini, basi.

Mwaka jana nikakipiga picha nikaweka status. Haikupita saa moja, prodyuza mmoja wa Dar akanipigia. Huyu ngoma zake mnazicheza, niishie hapo. Akasema anatoa laki tatu, nimwambie mzee ni kibovu, na mimi atanitengenezea nyimbo mbili bure. Wadau, mimi nimemaliza kidato cha nne, biti zangu natengenezea kwenye simu. Nyimbo mbili studio ya Dar! Nikaenda kwa mjomba nikamwambia kuna mtu anatoa laki mbili. Laki moja nilishaipangia matumizi.

Mjomba hakubisha. Ilikuwa Juni, mikorosho inataka salfa, ukichelewa ubwiri unga unakula maua na msimu umekwisha. Alikuwa anahitaji hela ya vibarua na mafuta ya mashine. Akaniambia neno moja tu: "Mpwa wangu, kina sauti moja imekufa. Kipeleke kwa fundi kwanza. Sitaki mtu anunue kitu changu halafu anilaani."

Hapo ningekuwa na akili ningeona haya. Sikuona. Nikakiingiza kwenye gunia la korosho, bodaboda mpaka Newala, gari mpaka Masasi.

Fundi wa Masasi ni wa redio na TV, kitu kama hicho hajawahi kukifungua. Tukaingia mtandaoni wote wawili kwenye simu yangu. Ndipo nilipoelewa ninachokibeba.

Kinanda hiki ndani kina sauti sita, yaani waimbaji sita. Ukibonyeza noti ya kwanza anaimba mmoja, ya pili mwingine, wanapokezana mpaka sita halafu zamu inarudi mwanzo. Ndiyo maana unaweza kushika noti sita kwa mpigo, ya saba haina mtu. Na hakuna sauti iliyorekodiwa humo. Ni umeme unatetemeshwa, halafu unapita kwenye chujio linalokata ukali wake, na kila mwimbaji ana chujio lake. Machujio hayo hayalingani sawasawa, ndiyo maana zikiimba pamoja unasikia watu, husikii mashine moja iliyojirudia mara sita.

Tukakiwasha huku tumeshikilia kitufe cha Key Transpose, kioo kikaanza kuonyesha namba ya mwimbaji kila tukibonyeza. Moja, mbili, tatu, freshi. Ya nne, kimya, halafu inakwaruza. Kumbe huo ni ugonjwa maarufu wa Juno-106 dunia nzima. Chipu ya kila sauti imevikwa koti gumu la plastiki, na miaka ikienda lile koti linaanza kuvujisha umeme. Dawa yake ni kuing'oa chipu, kuiloweka kwenye asetoni mpaka koti lilainike, kulibandua, kuichomelea tena.

"Chipu uiloweke kama kucha?" fundi akacheka. Lakini nikaenda saluni ya jirani, dada akaniuzia asetoni ya kutolea kucha za bandia. Tukailoweka siku mbili. Nililala kwa rafiki yangu, na usiku mmoja nikafanya kosa la kutafuta bei. Huko nje vinanda hivi vinauzwa kwa mamilioni ya shilingi. Mamilioni, wadau! Na mimi nimemwambia mtu aliyenilea laki mbili.

Siku ya tatu fundi akarudishia chipu, akabadilisha na betri ya kumbukumbu iliyokuwa imekufa. Namba nne ikaimba. Zile sauti 128 ambazo kinanda kinaweza kuzitunza, za mjomba zote zilikuwa zimeshafutika. Nikajua nimemletea hasara nyingine.

Nyumbani tukaazima spika mbili kwa kijana anayekodisha muziki kwenye sherehe za unyago. Nikamwambia, "Mjomba, sauti zako zimepotea." Hakujibu. Akabonyeza kitufe cha Manual, akaanza kusukuma vile vitufe kimoja kimoja, haangalii hata maandishi. Hiki juu, hiki katikati, hiki chini kabisa. Akapiga. Tarumbeta mbili zikatoka, za Dar, za zamani. Vidole vilikuwa vinakumbuka.

Halafu akabonyeza kile cha Chorus. Hapa maneno yananiishia. Kitufe hicho kinachelewesha sauti kidogo sana, kinaiyumbisha, kinaigawa kulia na kushoto, na chini yake unasikia shshsh kama mvua ya mbali juu ya bati. Chumba kikawa kipana. Simu yangu ina programu inayoiga sauti hizi, nimeitumia miaka miwili nikajiona prodyuza. Siku ile niliona kama nilikuwa naangalia picha ya ugali.

Mke wa mjomba akaja kusimama mlangoni na mwiko mkononi. Alisema hajawahi kumsikia akipiga tangu waoane.

Nikashindwa. Nikamweleza yote pale pale, laki tatu, laki mbili, bei ya nje, nyimbo zangu mbili. Mjomba akazima kinanda, akakaa kimya muda mrefu sana. Mwisho akasema, "Kesho saa kumi na moja alfajiri uwe shambani."

Nilipuliza salfa mpaka mikorosho yote ikaisha, bila kulipwa senti. Macho yaliwasha wiki nzima. Hatujaongelea tena lile jambo. Kinanda hakijauzwa, kimetoka uvunguni kiko mezani, na jioni ananifundisha. Bado hajaniruhusu kugusa kile kitufe cha Chorus. Anasema nijue kwanza kupiga bila kujificha.

Prodyuza, najua unasoma humu. Ukikitaka, njoo Kitangari uongee na mwenyewe, na bei unaijua. Na wewe mdau, mzee wako ana nini uvunguni? Ushawahi kumuuliza?