Walichoniuliza Mafundi wa Mwambao

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliponda zege. Michemraba ya sentimita 15 kila upande ililetwa maabara kwetu Dar es Salaam, tukailoweka, kisha tukaibana kwa mashine hadi ipasuke, mingine siku ya 7, mingine siku ya 28.

Fundi mwashi mmoja wa Kilwa ndiye aliyenitia kwenye suala la maji ya bahari. Kwao maji baridi yalinunuliwa kwa madumu. "Mwanangu," aliniuliza, "nikikorogea ya bahari, nyumba itasimama?" Nikamwambia, "Mzee, nipe muda nikupimie."

Tukakoroga zege la aina mbili. Siku ya 7 lile la bahari lilitangulia, maana kloridi huharakisha saruji kukaza. Baadaye la maji ya bomba likalipita kidogo. Tulipoyatia kwenye asidi ya salfuriki yaliliwa yote mawili: chokaa iliyomo hugeuka jasi, ukipangusa inatoka kama uji. Magnesiamu iliyomo baharini nayo hufanya kazi yake taratibu, ikiinyang'anya gundi ya saruji kalisiamu yake. Salfeti ya bahari, ajabu, huumiza kidogo kuliko inavyotarajiwa, kwa kuwa penye kloridi nyingi yale madini yanayovimbisha na kupasua zege huyeyuka zaidi.

Basi zege lenyewe linavumilia. Kinachokufa ni nondo, na hapa ndipo ninapotaka mafundi wanisikilize. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 19 hivi za kloridi. Mfuko wa kilo 50 ukikorogwa kwa lita 25, umetia karibu asilimia 1 ya uzito wa saruji, ilhali kanuni za Ulaya haziruhusu zaidi ya 0.4 penye nondo. Kloridi huutoboa utando unaolinda chuma, na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, ndipo nguzo inapasuka kwa ndani. Niliitwa kukagua jengo la ghorofa ambalo mkandarasi alikorogea maji ya ufukweni. Watu walilala humo na watoto wao. Hasira ile sijaisahau.

Mzee nilimjibu hivi: sakafu, ukuta wa kuzuia mawimbi, msingi mnene, vyote visivyo na chuma, koroga; nguzo na boriti, hapana, hata dumu liwe ghali namna gani. Na ukipata pozolana, yaani majivu ya volkano, changanya, kwa sababu hunywa ile chokaa dhaifu na kuziba vinyweleo. Waroma walijenga hivyo hivyo katika ghuba ya Baiae, Italia: majivu ya volkano, chokaa, bahari, bila chuma ndani, na magofu yao yangali chini ya maji baada ya miaka 2,000 hivi.

Alisikiliza, akauliza bei ya nondo za nyuzi za kioo, ambazo haziliwi na kutu. Nikamtajia. Akatikisa kichwa, akaenda kununua maji.