Jina la Chakula na Jina la Mpishi

Katika Kiswahili cha Mrima, hoteli si lazima iwe mahali pa kulala. Mtu akisema asubuhi kwamba anakwenda hotelini, jamaa zake hawamfungii mzigo wa safari. Wanajua anafuata chai na maandazi, au bakuli la supu ya pweza, na kwamba atarudi kabla jua halijapanda. Mahali pa kulala pana jina lake jingine: gesti. Lakini katika ufuo unaoanzia Kunduchi, ukapita Mbweni na kuishia kwenye minazi ya Bagamoyo, neno hilo limepata maana ya pili. Hapo hoteli ni lango lenye mlinzi, bustani iliyomwagiwa maji, na ukumbi wa kulia unaotazama bahari, wenye meza zilizotandikwa vitambaa vyeupe, bilauri zilizopangwa kwa ukubwa, na orodha ya vyakula iliyofungwa kwa jalada kama kitabu cha mashairi.

Ni juu ya orodha hiyo inafaa kuzungumza, kwa kuwa nayo ni maandishi, na maandishi yoyote yana mtunzi, yana msomaji, na yana mtu aliyeachwa nje.

Upishi uliotamalaki katika kumbi za namna hii duniani, tangu miaka ya mwisho ya karne ya 20, ni ule uitwao wa kisasa, unaooanisha Asia na Ufaransa. Mmoja wa waasisi wake mashuhuri ni Jean-Georges Vongerichten, aliyezaliwa Alsace, mashariki mwa Ufaransa, mwaka 1957. Alijifunza kazi katika majiko ya kwao, akapelekwa Bangkok kupika katika hoteli ya Oriental mwanzoni mwa miaka ya 1980, na huko ladha ya mchaichai, tangawizi, nazi na ndimu ikamgeuza. Mwaka 1992 alifungua mgahawa wa Vong jijini New York. Akapunguza siagi na krimu, ambazo ndizo zilizokuwa uti wa mgongo wa mchuzi wa Kifaransa, na mahali pake akaweka maji ya mboga na matunda, mafuta yaliyotiwa viungo, na tui. Sahani ikawa kubwa, chakula kikawa kidogo, na wakosoaji wakasema jambo jipya limezaliwa.

Mtu wa Bagamoyo akisomewa habari hiyo huwa na haki ya kutabasamu. Tui, tangawizi, ndimu, ukwaju, pilipili: hivyo vyote vimo jikoni mwa bibi yake. Mchaichai umeota nyuma ya nyumba, na hutiwa katika chai. Samaki aliyepakwa viungo, akachomwa kwa makaa, kisha akarudiwa kwa tui zito, hakuwahi kungoja kibali cha Bangkok wala cha New York. Lakini tabasamu hilo lisigeuke majivuno, kwani hata Ufaransa yenyewe si mgeni wa jana katika mji huu.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, chini ya uongozi wa Padre Antoine Horner, ambaye naye, kwa sadfa ya ajabu, alikuwa mzaliwa wa Alsace. Misheni hiyo ilikuwa tawi la ile ya Unguja, na ile ya Unguja ilianzishwa mwaka 1860 na watu waliotoka kisiwa cha Réunion. Miaka mitatu baada ya misheni kusimama, mwanzoni mwa mwaka 1871, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alifika Bagamoyo kutayarisha msafara wa kumtafuta Livingstone. Mapadre wakamkaribisha mezani. Katika kitabu chake cha safari hiyo Stanley anasimulia karamu hiyo kwa mshangao mkubwa. Anasema idadi ya vyakula ilikuwa sawa na ile ya hoteli ya daraja la kwanza ya Paris, na mapishi yalikaribia kuwa na ustadi uleule. Anataja shampeni na mvinyo za Bordeaux na Burgundy. Anataja pia bendi ya vijana 20 wenye ala za shaba, walioimba nyimbo za Kifaransa za ushujaa na utukufu. Na anapotaka kusifu kinywaji bila ya kukitaja, anawaita mashahidi washairi watatu: Horace Mrumi, Hafidh wa Shiraz, na Byron Mwingereza.

Tazama basi maajabu ya meza hiyo. Mshairi wa Uajemi ametajwa katika karamu ya Kifaransa iliyoliwa katika pwani ya Waswahili na kuandikwa kwa Kiingereza. Asia na Ufaransa zilikwisha kukaa meza moja Bagamoyo zaidi ya miaka 100 kabla ya mgahawa wa Vong. Tena zilikaa kwa huzuni ambayo huenda walaji wenyewe walikuwa hawajaijua bado: Paris ilikuwa imekwisha kusalimu amri kwa Wajerumani mnamo Januari mwaka uleule wa 1871, na kabla mwaka haujaisha Alsace ikawa mali ya Ujerumani. Vijana walipokuwa wakiimba utukufu wa Ufaransa, utukufu huo ulikuwa umelala chini. Na Wajerumani haohao, kabla ya miaka 20 kupita, wakaja kupandisha bendera yao Bagamoyo.

Lakini liko jambo ambalo Stanley hakuliandika. Alihesabu vyakula, alitaja mvinyo kwa majina yake, alihesabu hata wapiga tarumbeta. Aliyepika hakumtaja. Na misheni ile iliishi kwa mikono ya watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto, walionunuliwa katika soko la Unguja ambalo halikufungwa mpaka mwaka 1873. Pamoja nao walikuwako masista wa Mabinti wa Maria kutoka Réunion, shirika lililoundwa mwaka 1849, mara tu baada ya utumwa kukomeshwa kisiwani humo, ili kuwahudumia waliokuwa watumwa. Katika mikono hiyo ndimo mlimotoka sahani zilizomshangaza mgeni. Sahani zikaingia katika kitabu. Mikono ikabaki jikoni.

Si kwamba historia haiwezi kutunza jina la mnyonge. Réunion hiyohiyo inatupa mfano. Vanila, ambayo bila yake nusu ya vitamutamu vya Kifaransa visingekuwa na harufu, ilikuwa ikichanua katika visiwa vya Bahari ya Hindi bila ya kuzaa, kwa kuwa hapakuwa na mdudu wa kuichavusha. Mwaka 1841 mtoto mtumwa wa miaka 12, jina lake Edmond, akavumbua njia ya kuichavusha kwa kijiti na kidole gumba. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1848 akapewa jina la ukoo, Albius. Alikufa fukara mwaka 1880, lakini jina lake lilidumu, na njia yake ndiyo inayotumika hadi leo. Mtu mmoja aliyeandikwa anatosha kuonyesha ni wangapi wasioandikwa.

Upande wa Asia nao haukuja Bagamoyo kwa njia ya hoteli. Ulikuja kwa majahazi ya kaskazi, ukafungua maduka, ukaoa, ukazika. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kiismailia, alikuwa bwana mkubwa wa misafara. Aliwapatia wasafiri wapagazi, nguo, shanga na waya. Kabla ya kufa kwake mwaka 1897 alitoa jengo la shule Bagamoyo kwa ajili ya watoto wa kila kabila, na fedha za hospitali Dar es Salaam, ambako hadi leo jina lake limo katika Muhimbili. Kijana Mhindi ambaye Stanley alimlalamikia sana katika kitabu chake, kwa jina lililopindapinda, huaminika kuwa ndiye yeye. Basi hata tajiri aliyejulikana mji mzima aliingia katika kitabu cha mgeni kwa jina lisilo lake. Mpishi angetumaini nini?

Hayo yote yamekaa katika lugha, na lugha ndiyo orodha ya vyakula iliyo ya kweli kuliko zote. Meza ni ya Kireno. Sahani na sinia ni za Kiarabu. Pilau na sambusa chimbuko lake ni Uajemi, chapati na bajia ni India. Supu, menyu na hoteli yenyewe ni maneno ya Kifaransa yaliyopita Uingereza kabla ya kufika kwetu. Mswahili hakumfukuza hata mmoja wao. Alilipokea neno, akalivisha irabu mwishoni, akalitia katika ngeli, likawa lake. Lakini vitenzi vya jikoni, pika, choma, kaanga, chemsha, oka, pakua, hivyo ni vya Kibantu. Vyombo vilikuja na pepo, bali moto ulikuwa hapa.

Kwa hiyo shauri la orodha ya leo si shauri la uchanganyaji. Anayelalamika kwamba nazi imechanganywa na siagi hajui historia ya sahani yake mwenyewe. Pwani hii haina chakula kisichochanganyika, kama isivyo na ukoo usiochanganyika. Shauri ni la majina. Zamani kilichokuja kilipewa jina la Kiswahili kikaliwa na Waswahili. Siku hizi kilicho chetu hunyang'anywa jina ndipo kikapewa kiti mezani.

Mandhari hii huonekana katika hoteli nyingi za ufuo huu. Mzee wa mjini amealikwa na mwanawe anayefanya kazi Dar es Salaam. Mhudumu, kijana mwenye shati lililopigwa pasi, anakuja na orodha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Huyu hapa ni samaki gani?"

Kijana anasoma jina kwa lugha ya orodha, kwa lafudhi aliyofundishwa. Mzee anatikisa kichwa kwa adabu, hakuelewa. Ndipo kijana anainama kidogo, anashusha sauti kama anayetoa siri, anasema:

"Ni changu, mzee. Wa leo."

"Alaa! Sema hivyo basi. Lete."

Kwa nini neno changu linongonwe? Samaki amevuliwa mbele ya hoteli hiyohiyo, amenadiwa mnadani asubuhi, mvuvi na mnunuzi wamebishana bei kwa jina hilo, mpishi amemparua magamba kwa jina hilo. Ameacha jina mlangoni mwa ukumbi wa kulia, kama mtu anavyovua viatu.

Swali hili lina umri. Mwaka 1970 palizuka mjadala mkali katika gazeti la The Standard la Dar es Salaam juu ya utalii na ujamaa, mjadala ambao Issa Shivji aliukusanya baadaye kuwa kitabu. Wakati huo ndipo nchi ilipokuwa ikijenga hoteli kubwa za ufukweni. Vijana waliuliza kama taifa lililojikomboa linaweza kufundisha watoto wake kutumikia meza bila ya kuwafundisha unyonge. Wakubwa walijibu kwamba fedha za kigeni zinahitajika. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na wala hapana haya katika kazi ya kumlisha mgeni. Mila za Mrima zinaihesabu kuwa heshima. Haya imo katika kumlisha mgeni huku mwenyeji akilificha jina lake.

Wafasiri wanalijua tatizo hili kwa undani, kwa kuwa kazi yao ni ya jikoni. Shaaban Robert, mwana wa Tanga, alipotoa Omar Khayyam kwa Kiswahili mwaka 1952, alikuwa akimpokea Mwajemi kupitia Kiingereza, na mashairi yenyewe yamejaa mvinyo, naye alikuwa Mwislamu. Hakulikimbia shairi, wala hakumwacha msomaji wake nje. Alilipika kwa vipimo vya Kiswahili, kwa vina na mizani, likaja mezani likiwa la mgeni na la mwenyeji pamoja. Huo ndio upishi wa kuchanganya ulio halali: msomaji hatakiwi kuacha lugha yake mlangoni.

Na kabla ya Shaaban Robert alikuwako Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda, Bagamoyo. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1903 kilitoka kule Göttingen kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichohaririwa na Carl Velten, na sehemu kubwa yake ni kazi ya Mtoro. Kinaeleza maisha ya Mrima tangu kuzaliwa mtu hadi kuzikwa kwake, harusi na matanga, heshima na karamu. Miaka 32 baada ya Stanley kuandika Bagamoyo kama alivyoiona akiwa mezani, mtu wa Bagamoyo aliiandika kama alivyoijua tangu mlango wa nyuma. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927, mbali na minazi, lakini kitabu chake kimebaki ushahidi kwamba mwenyeji akishika kalamu, jina la kitu hubaki mahali pake.

Gharama ya kurekebisha orodha ya hoteli ni karatasi na wino. Changu aandikwe changu, na aelezwe kwa lugha ya mgeni chini yake. Kamba, pweza, ukwaju na mchaichai viandikwe kama vinavyoitwa sokoni. Mgeni aliyesafiri bahari na nchi hatakufa kwa kujifunza maneno manne. Huenda ndiyo atakayorudi nayo kwao. Na mwisho wa orodha, pale ambapo migahawa mikubwa ya Paris na New York huandika jina la mpishi wake kwa herufi za dhahabu, liandikwe jina la mpishi wa hapa, na la ukoo wake. Kina wali mtungini na mchuzi chunguni, bado hatujui walioupikia ule usiku wa 1871. Wanaopika usiku wa leo wako jikoni, na wanaitika wakiitwa.