Fahari ya Jiko Ni Nini?

Ndugu msomaji, ukipita leo katika maduka ya vyombo vya nyumbani mjini Mbeya au Iringa, utayaona majiko ambayo wazazi wetu hawakuyaota. Yamesimama wima, yanang'aa kama kioo, yana pleti za gesi na za umeme, oveni yenye taa ndani, na saa ya kukata moto chakula kinapoiva. Bei yake humfanya mfanyakazi ahesabu mishahara badala ya noti. Hata hivyo yananunuliwa, nami sina ugomvi na mnunuzi. Mtu aliyetoka jasho ana haki ya kuishi vizuri. Swali ninalokuletea ni hili: majiko mawili ya fahari yakiwa mbele yako, utajuaje lipi litaisaidia nyumba yako na lipi litawafurahisha wageni tu?

Swali hilo lilitukabili mimi na mwenzangu hapa Mbeya, pale akiba yetu ya miaka mitatu katika chama cha kuweka na kukopa ilipotimia. Jiko la kwanza lilikuwa na upana wa sentimita 90, pleti sita, na oveni ya kumeza mguu mzima wa mbuzi. La pili lilikuwa la sentimita 60, pleti nne za gesi na oveni ndogo, na bei yake haikufika nusu ya lile kubwa. Mwenzangu akasema, "Baba watoto, kabla ya kuchagua jiko, tuhesabu kwanza tunachopika." Tukatafuta daftari. Kwa siku saba tuliandika kila sufuria iliyoinjikwa, ilikaa motoni muda gani, na nani aliisimamia.

Daftari lilisema mengi. Oveni ingetumika mara moja tu, Jumamosi, kwa keki ya watoto. Pleti zilizohitajika kwa wakati mmoja hazikuzidi tatu. Lakini maharage, kande na makongoro vilikula saa kumi na moja za juma lile, na saa hizo zote zilitoka kwa mwenzangu na kwa binti yetu wa kidato cha pili, ambaye alipaswa kuwa kwenye vitabu vyake.

Sababu imo katika milima yenyewe. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa ni ndogo, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Iringa hupishana nayo kidogo tu. Ukizidisha moto, maji yatachemka kwa fujo na kukauka, lakini joto lake halitapanda. Ndiyo maana maharage huku kwetu hukaa motoni muda mrefu kuliko Pwani, hata jiko liwe la dhahabu. Dawa yake ni sufuria la presha, ambalo huuzuia mvuke usitoke na kulipandisha joto kupita nyuzi 110. Pleti sita hazitaweza kufanya hivyo.

Tazama pia nishati. Oveni ya umeme ikiwashwa pamoja na pleti zake zote huweza kuvuta wati 7,000 au zaidi, ilhali soketi ya kawaida ya ukutani hubeba wati 3,000 hivi. Jiko la namna hiyo hutaka waya wake mnene na swichi yake peke yake, na malipo ya fundi hayamo katika bei ya dukani. Gesi nayo ina masharti yake. Ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni, kwa hiyo dirisha la juu peke yake halitoshi. Mtungi ukae nje, au mahali penye tundu la kupitishia hewa chini ya ukuta. Mpira ukaguliwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Mama yangu, anayeishi Iringa, alipoelezwa mipango yetu aliuliza jambo ambalo hakuna muuza duka aliyetuuliza: "Mwanangu, na mwezi wa saba mtaota nini?" Ni swali zito. Katika nyanda zetu moto wa jikoni huivisha chakula na kupasha nyumba joto. Familia ikihamia kwenye gesi bila kulifikiria hilo, usiku wa baridi hujikuta ikiingiza jiko la mkaa chumbani. Mkaa unaowaka ndani hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huwaua watu wakiwa usingizini. Mablanketi mazito ni sehemu ya bei ya jiko.

Huko Ulaya nako, jiko moja mashuhuri la kifahari lilitokana na fikra kama hizi. Gustaf Dalén wa Sweden alipofuka kwa mlipuko mwaka 1912, mwaka ule ule aliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Akikaa nyumbani, alitambua jinsi mkewe alivyochoshwa na kulihudumia jiko. Mwaka 1922 akabuni AGA, jiko zito la chuma lisilozimwa. Leo jiko hilo ni alama ya utajiri Uingereza, lakini lilianza kama pumziko la mama mmoja. Sishauri tuliagize, kwa maana kinachowaka mchana na usiku hula mchana na usiku. Nashauri tuanze alipoanzia Dalén: nani anachoka?

Sisi tulichukua lile la sentimita 60. Fedha iliyosalia ilinunua masufuria mawili ya presha, mablanketi, na jiko la gesi la pleti mbili kwa ajili ya mama. Sufuria moja la presha likaenda Iringa. Binti yetu sasa husoma jioni.

Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo halitafikiwa kwa majiko yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma huku mkaa ukifuka uani. Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku ya kwenda dukani mtangulize yule anayepika. Mwulize anachoinjika kila siku na kinachomchosha, kisha umwachie neno la mwisho.