Nyawawa Apewapo Sura: Hawa Essuman na Upepo wa Ziwa

Katika vijiji vilivyo kandokando ya ziwa, kuanzia Muhuru na Karungu upande wa Migori hadi Mbita na Kendu Bay upande wa Homa Bay, kuna kishindo ambacho mtoto hukijua kabla ya kuelewa maana yake. Upepo huvuma usiku kutoka ziwani, na mara mtu wa boma la kwanza hupiga sufuria. Jirani hupokea kwa debe, wa tatu hugonga mabati, na kelele hizo husafiri boma kwa boma. Nyawawa wanapita. Husimuliwa kwamba pepo hao huwaita watu kwa majina, na kwamba anayeitika hujitakia maafa. Kwa hiyo hawaitikiwi, hufukuzwa. Wala desturi hii haijafa. Mnamo Aprili 2020, majuma machache baada ya korona kuingia Kenya, vyombo vya habari viliripoti vishindo vya namna hiyo hiyo katika nchi ya Wajaluo.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hana budi kukiona kitendo hiki kuwa ni sanaa ya maonyesho. Kina wakati wake, ala zake na waigizaji wake, ila hakina watazamaji, kwa maana kila mtu ni mtendaji. Jambo jingine linalokosekana ni sura ya adui. Nyawawa husikika tu. Isitoshe, dawa yenyewe ina kasoro ambayo haisemwi sana: pepo aliyefukuzwa kwangu huenda kwako. Salama ya boma moja ni zamu ya boma linalofuata, mpaka ziwa liwapokee.

Aliyempa Nyawawa sura hakuzaliwa katika vijiji hivyo. Hawa Essuman alizaliwa Hamburg, Ujerumani, wazazi wake wakiwa Waghana, akalelewa Nairobi. Aliingia katika sanaa kwa mlango wa uigizaji wa jukwaani, kisha akahamia nyuma ya kamera na kujifunza kazi ya utayarishaji, ikiwemo ile ya tamthilia ya televisheni ya *Makutano Junction*. Mwaka 2008 aliongoza filamu ya *Selfish?*, na mwaka 2010 ikatoka *Soul Boy*, ambayo mswada wake uliandikwa na Billy Kahora. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Dioraphte katika Tamasha la Filamu la Rotterdam mwaka huo huo.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Abila, mvulana wa miaka 14 anayeishi Kibera, anaamka asubuhi na kumkuta babake amekaa kama gogo, akinong'ona kwamba roho yake imeibwa. Kwa msaada wa rafiki yake Shiku, anagundua kwamba baba aliicheza kamari roho hiyo mbele ya mwanamke wa ajabu. Mwanamke huyo ni Nyawawa. Abila anamtafuta mpaka anampata katika pembe yenye giza ya mtaa, naye anampa majaribu saba ya kutimiza ili babake apone.

Hapa ndipo penye uzito wa kazi hii. Katika vijiji vya ziwa, Nyawawa akiita, mtu hunyamaza na kupiga debe. Katika filamu, mtoto anaitika. Anaingia nyumbani mwa yule anayeogopwa, anamtazama usoni, anauliza anadaiwa nini. Essuman amebadilisha jambo moja tu katika desturi, na kwa badiliko hilo maana yote imegeuka: maafa si kitu cha kumsukumia jirani, bali ni deni linalopaswa kulipwa na walio ndani ya nyumba.

Badiliko hilo halikutokea patupu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya Wakenya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Kibera ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia. Watu walisukumana kama pepo, kila upande ukiamini kwamba nyumba itatakata jirani akiondoka. Katika hali hiyo, kumweka mvulana mwenye jina la Kijaluo bega kwa bega na msichana aitwaye Shiku, jina la Kikuyu, halikuwa pambo la mapenzi ya utotoni. Mtoto anayepitia majaribu saba katika vichochoro vile vile anaujenga upya ujirani ambao watu wazima waliuvunja.

Hata hivyo, mhakiki mwadilifu hawezi kuyafumbia macho maswali mawili. La kwanza linahusu mwanamke. Je, kumfanya Nyawawa kuwa jike linalopora roho za wanaume si kurudia tuhuma kongwe? Jibu limo katika namna mhusika huyu alivyochorwa. Baba hakuporwa, alicheza kamari akashindwa. Nyawawa hakimbii wala hapigwi. Ndiye atoaye mtihani, na mtihani wenyewe unamkomaza kijana. Mwongozaji aliyewahi kusimama jukwaani anajua kwamba hata mhusika anayechukiwa ana haki ya kuwa na sababu zake.

Swali la pili ni la umiliki. *Soul Boy* ilitengenezwa chini ya mradi ulioongozwa na Mjerumani Tom Tykwer, na mwongozaji mwenyewe alikuwa mgeni wa imani hiyo ya ziwa. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii inafaa hapa, lakini kwa sharti. Mgeni amemponya baba wa Abila. Hajawa badala ya wenyeji. Katika filamu, lile boma kwa boma limetoweka, na mzigo wa kijiji kizima umetwikwa mtoto mmoja. Kasoro hiyo ya sanaa ni kasoro ya mji pia, kwa maana mjini mtu huweza kuugua ukuta kwa ukuta na jirani asigonge hata sufuria.

Kazi yake ya baadaye inathibitisha mwelekeo huo huo. *Silas* (2017), aliyoiongoza pamoja na Anjali Nayar, inamfuata Silas Siakor, mwanaharakati wa Liberia anayefichua wanaoipora misitu ya nchi yake. Hiyo ni filamu ya hali halisi wala haina pepo, lakini tendo la msingi ni lile lile la mtu kumwendea anayeogopwa na kumdai jawabu.

Kinachobaki ni zamu ya Migori na Homa Bay. Wanawake wa huko, ambao tangu zamani wamekuwa watambaji wa sigana na waombolezaji hodari, wanamjua Nyawawa kwa sauti. Siku mmoja wao atakaposhika kamera, huenda akamwonyesha kwa sura tofauti kabisa na hii, na debe likarudi mahali pake katika kisa. Atakuwa na haki ya kubishana na Essuman. Lakini hataweza kupita kana kwamba mlango huo haukuwahi kufunguliwa.