Sungura Aliyepandishwa Mtumbwini

Ndugu msomaji, bembea zetu za Sikukuu hazisimulii hadithi. Mtoto hutoa fedha yake, hupanda farasi wa mbao au kiti kilichofungwa kwa minyororo, huzungushwa mpaka kichwa kikawa chepesi, kisha hushuka na kuomba fedha nyingine. Hakuna anayeuliza farasi yule alikuwa akienda wapi. Kizunguzungu peke yake kinatosha, nami sikidharau.

Lakini wako watu ambao hawakutosheka na kizunguzungu. Tangu Walt Disney alipofungua bustani yake ya burudani huko Anaheim, California, tarehe 17 Julai, 1955, wamekuwapo mafundi na wachoraji ambao kazi yao ya kila siku ni kuifanya mashine isimulie. Yaani ukae katika kigari au mashua, upitishwe gizani na mwangani, upandishwe na kuteremshwa, na utakapotoka uwe umepata kisa. Ningependa tuliangalie jambo hili kwa makini kidogo, kwa sababu ndani yake limo jambo letu sisi pia, ingawa huenda hukulitazamia. Hadithi ya namna hiyo inakaa wapi? Je, inakaa katika sanamu zilizopangwa kando ya njia, au inakaa katika mwili wa yule aliyepanda? Na hadithi yenyewe huwa ni ya nani?

Katika bustani ile ya mwaka 1955 palikuwa na mchezo wa kupanda uliotokana na sinema ya Snow White. Waliouunda walifanya jambo la kijasiri: hawakumweka Snow White mwenyewe. Abiria ndiye aliyekuwa Snow White. Msitu ulimtisha yeye, na mchawi alimtokea yeye. Basi watu wakawa wanashuka na kulalamika: mbona msichana mwenyewe hatukumwona? Mwaka 1983 mchezo ulipofanyiwa matengenezo makubwa, sanamu yake ikawekwa, na manung'uniko yakapungua. Kwa maoni yangu mafundi wale wa kwanza walikuwa na haki. Waligundua kwamba mtu aliyeketi ndani ya hadithi si sawa na mtu aliyeketi mbele yake, ila walitangulia mno kuliko abiria wao.

Kisha ikaja safari ya mashua katikati ya maharamia, iliyofunguliwa Machi 1967, miezi mitatu tu baada ya Disney kufariki. Hiyo haikutokana na sinema yoyote. Marc Davis, mmoja wa wachoraji walioibuni, alieleza baadaye kwamba Disney hakuamini kuwa chombo hiki kinafaa kusimulia hadithi. Alikiona kuwa ni cha kumpitisha mtu katika tukio. Na ndivyo ilivyo. Unapita majini kama mtu apitaye sokoni, ukisikia vipande vya maneno: huyu amelewa, yule anatunga uongo, na wafungwa wanambembeleza mbwa aliyeshika funguo za gereza mdomoni. Mwaka 2003 ikatengenezwa sinema kutokana na mchezo huo, na sinema ilipopata umaarufu, mwaka 2006 mhusika wake mkuu, Jack Sparrow, akaletwa na kuwekwa ndani ya mchezo. Baba akaanza kuvaa nguo za mwanawe! Tangu hapo imekuwa shida kupata fedha za kujenga mchezo ambao haukutanguliwa na sinema iliyofanya vizuri, na wapenzi wa bustani hizo hulalamika kila siku kwamba ubuni umekufa.

Mimi sikubaliani nao moja kwa moja, na sababu yangu ni Sungura.

Mwaka 2014 nilikwenda Florida kumtazama binti yangu aliyekuwa akiishi huko, na wajukuu wakanipeleka katika bustani kubwa ya Disney iliyo karibu na mji wa Orlando. Walinipandisha kwenye mtumbwi uliotengenezwa kwa mfano wa gogo, ukielea katika mfereji unaouzunguka na kuupenya mlima wa bandia. Mlima huo uliitwa Splash Mountain. Ndani yake kulikuwa na wanyama wa mitambo waliokuwa wakiimba na kutikisa vichwa, na mimi nilikuwa nikitazama kwa adabu, kama mgeni atazamavyo albamu ya picha za harusi ya watu asiowafahamu. Mara nikamtambua. Alikuwa amevaa suruali na kubeba furushi begani, lakini tabia ilikuwa ile ile. Wenyewe humwita Brer Rabbit, na neno hilo Brer ni ufupisho wa neno lao lenye maana ya kaka au ndugu. Kwa hiyo jina lake kamili, likisemwa kwetu, ni Ndugu Sungura.

Kisa kilichosimuliwa mle ni hiki. Ndugu Sungura anachoka na kwao, anaondoka kwenda kutafuta raha. Ndugu Mbweha na Ndugu Dubu wanamwinda. Anawaponyoka, anawaponyoka tena, mwisho ananaswa. Wanataka kumla. Naye anawasihi: nichomeni, ninyongeni, nifanyeni mpendavyo, lakini kwa hisani yenu msinitupe kwenye kile kichaka cha miiba! Nao kwa ukatili wao wanamtupa huko huko, na kumbe kichaka cha miiba ndiko alikozaliwa. Wewe, msomaji, umeshacheka, kwa kuwa unamfahamu Kobe aliyesihi asitupwe majini. Bibi yangu alipofika hapo alikuwa akinyamaza kidogo, ili tucheke sisi kabla yake.

Sasa tazama walivyofanya wale mafundi. Mtumbwi unaanza kupandishwa kilima kirefu, polepole, mnyororo ukilalamika chini. Mama sungura anawakumbatia wanawe kwa hofu. Tai wawili wameinama juu yako wakikukejeli. Mwanga unaonekana mbele, na katika mwanga huo hakuna njia, kuna hewa tupu. Kisha unatupwa, karibu meta 16, moja kwa moja kwenye miiba. Tumbo langu lilibaki kule juu kwa muda. Maji yakaturukia, watu wakapiga kelele, na mtumbwi ukaingia tena ndani ya mlima, ambamo wanyama wote walikuwa wakiimba kwa furaha juu ya meli ya sherehe kwamba Sungura amerudi nyumbani.

Katika kuanguka kule hadithi na mwili vilikuwa kitu kimoja. Kitu kilichofanana na mauti ndicho kilichokuwa wokovu, na sikuambiwa hivyo na sanamu, niliambiwa na tumbo langu. Snow White ya mwaka 1955 ilishindwa kumfanya abiria ajione kuwa ndiye mhusika; mlima huu ulifaulu bila kueleza neno, na ulimwacha Sungura aonekane vizuri kabisa. Wala hadithi haikuwa mpya, wala sanamu hazikuwa mpya. Tony Baxter, aliyepata wazo hili mwaka 1983, alitaka kuzitumia sanamu za wanyama waliokuwa wakiimba nyimbo za Kimarekani katika ukumbi mwingine wa bustani ya California tangu mwaka 1974. Ukumbi ulifungwa mwaka 1988, sanamu nyingi zikahamia mlimani, na mlima ukafunguliwa mwaka 1989. Wa Florida na wa Tokyo ikafuata mwaka 1992. Kiporo kilichopashwa moto, unaweza kusema. Lakini ubuni haukuwa katika vifaa. Ulikuwa katika kugundua kwamba kichaka cha miiba ni mteremko. Hadithi hiyo ilikuwa imesimuliwa kwa mamia ya miaka kabla hajatokea mtu wa kuliona hilo.

Kuna jambo moja, hata hivyo, lililonikaa kooni. Mle mlimani Ndugu Sungura hunaswa kwa asali, ndani ya pango la nyuki. Nikashangaa, kwa kuwa najua alinaswa kwa ulimbo. Wanyama walichimba kisima wakati wa ukame, Sungura akakataa kushika jembe, kisha akawa anakuja kwa siri kuchota maji. Ndipo Kobe akajipaka ulimbo na kumngoja, mkono ukanasa, mguu ukanasa, na kichwa nacho. Nilipowauliza wajukuu, mkubwa akaniambia zamani ilikuwa lami, bali wameibadilisha kwa sababu neno hilo limegeuka kuwa tusi kwa watu weusi. Alikuwa amesema kweli.

Njia aliyopitia Sungura kufika mlimani humo si ya kupendeza. Alivuka bahari katika vinywa vya watumwa. Joel Chandler Harris, Mzungu aliyezaliwa Georgia, alizisikia hadithi hizo tangu mwaka 1862 alipokuwa kijana katika shamba la watumwa, na mwaka 1880 akazitoa kitabuni, akizitia katika kinywa cha mzee wa kubuni aitwaye Uncle Remus, mtumwa wa zamani anayemsimulia mtoto wa Kizungu na ambaye haonekani kuwa na kinyongo na mtu yeyote. Katika masimulizi yake ya lami kisima hakimo. Mbweha anatega tu kwa kuwa ni mbweha. Fikiri maana ya kukiondoa kisima kile! Kwetu Sungura ni mvivu aliyekula jasho la wenzake, na kunaswa kwake ni haki. Lakini kwa mtu ambaye kila jembe analoshika ni la bwana wake, Sungura anayekwepa kazi ni shujaa. Nadhani ndiyo sababu watumwa walimpenda hata wakamlinda kizazi hadi kizazi, na sidhani kwamba mzee yule wa kubuni angeweza kuruhusiwa kulisema hilo.

Mwaka 1946 Disney akatengeneza sinema ya hadithi hizo. James Baskett, mwigizaji mweusi aliyecheza kama mzee huyo, hakuweza kuhudhuria onyesho la kwanza mjini Atlanta, kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Mwandishi Alice Walker, aliyezaliwa mwaka 1944 katika mji ule ule wa Eatonton alikotoka Harris, ameandika kwamba wazazi wake walikuwa wasimulizi hodari wa hadithi hizo, na kwamba baada ya kuiona sinema hiyo hakumbuki kuzisikia tena kwao. Aliona kwamba Harris alimwibia sehemu ya urithi wake. Waliojenga mlima waliijua aibu hiyo, wakamtoa mzee Remus kabisa. Huko Florida msimulizi akawa chura.

Mwezi Juni 2020 ulipowadia Marekani ilikuwa ikitikiswa na maandamano ya kupinga mauaji ya watu weusi, na kabla mwezi huo haujaisha kampuni ilitangaza kwamba hadithi ya mlima itabadilishwa. Mlima wa Florida ulifungwa Januari 2023, na wa California Mei mwaka huo. Ule wa Tokyo haukuguswa katika mabadiliko hayo. Mwaka 2024 yote miwili ilifunguliwa tena kwa jina la Tiana, msichana mweusi wa New Orleans katika sinema ya mwaka 2009, ambaye alibuniwa kwa kumtazama, pamoja na wengine, Leah Chase, mpishi mashuhuri wa mji huo aliyefariki mwaka 2019. Wajukuu wamenionyesha picha zake. Tiana anatafuta wanamuziki wa sherehe katika mabwawa ya Louisiana, nawe unamsaidia. Ana heshima, anafanya kazi, anamiliki biashara yake. Mjukuu wangu wa kike alipomwona alijinyoosha mgongo, na mimi babu yake sina haki ya kusema kwamba hilo ni jambo dogo.

Lakini mteremko ni ule ule, na sasa haufahamiki. Hakuna adui, hakuna hila, hakuna anayekutupa. Unaanguka meta 16 kwa sababu mlima ulijengwa hivyo, halafu unafika kwenye sherehe. Tumbo linasema mauti, hadithi inasema karibuni muziki.

Na palikuwa na njia nyingine. Mwendo wa gari usiofika saa moja kutoka bustani ile, jirani na Orlando, upo mji wa Eatonville, mmoja wa miji ya kwanza ya Marekani iliyoanzishwa na kuongozwa na watu weusi wenyewe. Zora Neale Hurston, aliyekulia hapo, alirudi na kukaa na wazee wa mji, akaandika hadithi zao kama walivyozisema barazani, za wanyama na za watumwa waliowashinda mabwana kwa akili. Kitabu chake kilitoka mwaka 1935, miaka 11 kabla ya sinema ile. Wangeweza kuwaendea watu hao, kuwapa mlima wao, kumrudisha msimulizi aliye na kinyongo chake, na kukirudisha kisima.

Wajukuu nimewasimulia mimi mwenyewe, kwa simu, ile ya ulimbo. Mdogo alinikatiza palipohusu kuchimba. Alitaka kujua wale wanyama wengine walilipwa kiasi gani.