Dawa na Maji

Geita ni mji wa dhahabu na vumbi jekundu. Kutoka hapa hadi baharini ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Lakini mtu wa visiwani hahami peke yake. Sebuleni mwangu ipo bahari ndogo ndani ya tangi la kioo: lita 300 za maji yaliyotiwa chumvi maalumu, mawe machache, na vitatange wawili.

Mfugaji wa samaki wa maji chumvi hujua mapema kwamba adui yake haonekani. Mnyoo bapa wa ngozi, mwangavu mithili ya kioo chenyewe, hujibandika juu ya samaki na kumla taratibu. Samaki hujisugua mawe, na jicho lake huingia ukungu. Tiba ya kwanza itamshangaza mtu wa pwani: kiumbe wa bahari huogeshwa katika maji baridi yaliyolingana joto na ya tangi, kwa dakika chache tu, na mnyoo hugeuka mweupe, akaachia. Tiba ya pili ni dawa iitwayo prazikwanteli.

Dawa hiyo si ngeni Kanda ya Ziwa. Ndiyo wamezeshwayo watoto wa shule dhidi ya kichocho: cha matumbo katika mialo ya Ziwa Victoria kama Nkome, na cha mkojo katika vijiji vya Shinyanga penye malambo na majaruba ya mpunga. Hiki cha mkojo ndicho tukijuacho Unguja na Pemba. Mnyoo wa samaki na wa binadamu wote ni minyoo bapa, na dawa yao ni moja.

Hata hivyo, dawa ina mpaka. Haiui mayai ya mnyoo wa samaki, yenye nyuzi za kunasia mchangani na wavuni. Baada ya siku kadhaa huanguliwa, na maradhi yakaanza upya. Kwa binadamu, minyoo wachanga huinusurika, na aliyepona huambukizwa tena akirudi majini. Visiwani kwetu, kuanzia 2012 hadi 2017, dawa iligawiwa mara mbili kwa mwaka, na kwingine konokono wakauawa na elimu ikatolewa. Kichocho kilipungua sana, hakikwisha.

Katika tangi, kinga ni subira. Samaki mgeni hutengwa wiki nne hadi sita, hutibiwa zaidi ya mara moja, na wavu wake hauingii chombo kingine. Lakini ni nani awezaye kulitenga ziwa? Mama wa mwaloni huchota, hufua na kuosha vyombo humo humo, na mwanawe huogelea kando yake.

Kwake yeye subira ina sura nyingine. Kiluwiluwi cha kichocho, kikishatoka kwa konokono, huishi siku moja au mbili tu. Maji ya kuogea yaliyochotwa na kulazwa siku mbili pasipo konokono huwa yamepoteza sumu hiyo. Lililo kubwa zaidi ni choo, ili yai lisifike majini kabisa. Ardhi iliyochimbwa dhahabu tangu miaka ya 1930 haiwezi kudai kwamba choo na bomba ni ghali. Kidonge humtibu mtoto. Maji nayo yanangoja tabibu wao.